Randa inanyofoa, inaziba, inatetemeka: kagua kivunja maranda kabla ya kulaumu kisu

Mtu akilalamika kwamba randa yake inaharibu mbao, jibu analopewa ni lile lile: noa kisu. Ni jibu zuri na mara nyingi linatosha. Ila wapo wanaonoa mpaka kisu kinanyoa malaika ya mkono, wanarudi kwenye benchi, na mbao inanyofoka vilevile. Wengine wananoa, kisha randa inaziba kila baada ya kusukuma mara mbili. Maelezo haya ni ya hao.

Juu ya kisu kuna chuma cha pili, chenye nundu karibu na ncha, kilichofungwa kwenye kisu kwa skrubu fupi nene. Hakina jina moja ambalo kila seremala analikubali. Humu nitakiita kivunja maranda. Jina lenyewe linapotosha kidogo, maana wengi huchukulia kwamba kipo ili kuyakunja maranda yatoke vizuri. Kazi yake kubwa ni nyingine. Makali yanapoingia kwenye mbao huinua nyuzi kama kabari inayopasua gogo. Pale nyuzi zinapoelekea chini, ufa hutangulia mbele ya makali, unazama chini ya uso, na kipande kinanyofoka. Kivunja kikiwa karibu sana na makali, utepe wa mbao hukigonga mara tu unapoinuka, unasukumwa mbele na chini, na ufa haupati nafasi ya kukimbia. Watafiti wa Japani, Kato na Kawai wa Chuo Kikuu cha Yamagata, walilipiga picha za filamu jambo hili kwa ukaribu sana, na ukiziona hutabisha tena.

Kwa hiyo karibu kila tatizo lililo hapa chini linatokana na mambo mawili: kivunja hakigusi kisu sawasawa, au kiko umbali usiofaa. Kagua mguso kwanza, kisha umbali. Ukianza na umbali utapoteza saa nzima ukirekebisha kitu ambacho hakiwezi kutulia.

Tahadhari moja kabla ya kufungua chochote. Usishike kisu na kivunja mkononi huku ukilazimisha bisibisi. Laza vyote juu ya benchi, makali yakielekea mbali nawe. Bisibisi ikiteleza, mkono hukimbilia makali. Na unapovitenganisha, legeza skrubu, rudisha kivunja nyuma mbali na makali, ndipo ukizungushe na kukitoa. Ukikiburuta juu ya makali umeyaua, na utarudi kwenye kinoo bila sababu.

Maranda yananasa kati ya kivunja na kisu

Hili ndilo lalamiko linalorudiwa kuliko yote. Unasukuma mara mbili tatu, randa inaacha kukata, unaitoa na kukuta kijiti cha mbao kimejipenyeza chini ya kivunja. Mwanzo unakitoa kwa kucha. Baada ya nusu saa unataka kuitupa randa dirishani.

Sababu ya kawaida ni uchafu tu. Utomvu mkavu, kutu, au kile kinyuzi cha chuma kinachobaki baada ya kunoa kinatosha kukiinua kivunja kwa unene wa unywele, na utepe mwembamba hauhitaji zaidi ya hapo. Futa pande zote mbili, pitisha kidole nyuma ya makali (kuelekea nje, kamwe si kando ya makali) uone kama kuna kinyuzi kilichosalia, funga tena, jaribu.

Kama bado kunanasa, fanya jaribio la mwanga. Funga kivunja kwenye kisu kama kinavyokaa kazini, kaza skrubu, kisha inua vyote viwili kuelekea dirishani au taa na uchungulie kwa ubavu pale vinapokutana. Mwanga usionekane hata kidogo, kutoka kona moja hadi nyingine. Ukiona mstari wa mwanga, umempata mwizi. Mara nyingi utauona katikati au kwenye kona moja, kwa sababu vivunja vingi hutoka kiwandani na ukingo ambao haujanyooshwa kabisa.

Dawa yake ni kinoo. Weka kinoo kigumu kilicho tambarare ukingoni mwa benchi. Laza upande wa chini wa ncha ya kivunja juu ya kinoo, na mkia wake uuache ushuke chini kidogo ya usawa wa kinoo, kama sentimita moja hivi. Kipande cha mbao chenye kimo kidogo kuliko kinoo kinaweza kuubeba mkia ili pembe isibadilike. Sugua mbele na nyuma. Kushusha mkia ndiyo siri yenyewe: unataka ule ukingo wa mbele kabisa ndio uguse kisu, na nyuma yake kuwe na upenyo mdogo. Ukinoa kivunja kikiwa kimelala sawa na kinoo, mguso unaweza kuhamia nyuma ya ukingo, na hapo umetengeneza mfuko wa kukusanyia maranda. Paka wino wa kalamu nzito kwenye ukingo kabla ya kuanza. Ukifutika wote kwa mstari mmoja, umefika. Malizia kwa kinoo laini, kisha ondoa kinyuzi upande wa juu.

Kama ukingo wa kivunja umenyooka na mwanga bado unapita, geukia kisu. Mgongo wa kisu, yaani ule upande tambarare, lazima uwe tambarare kweli kwenye sehemu ile kivunja kinapokaa. Visu vya zamani vilivyokaa na kutu huwa na mashimo pale pale. Vilevile kuna wanaonoa mgongo kwa kuuinua kidogo ili wafike haraka. Kisu kinakata, lakini kimepata mteremko ambao kivunja hakiwezi kuufuata.

Sababu adimu ni kivunja kilichochoka. Kilaze juu ya kisu bila kukaza skrubu: ncha iguse, na sehemu ya katikati iwe imeinuka kidogo, kama milimita moja. Huo mwinuko ndio msukumo unaoibana ncha pale unapokaza. Kikilala chote bapa, hakina tena nguvu ya kubana. Kibane kwenye jiriwa yenye midomo ya mbao na ukikunje kidogo kabisa kwenye nundu, ujaribu, ukikunje tena. Usikigonge kwa nyundo. Kama ni kile kinene kisicho na nundu, usikikunje kabisa. Hicho kimetengenezwa kubana kwa unene wake, na tatizo lake litakuwa kwenye ukingo.

Kisu ni kikali, kivunja kiko karibu, na mbao bado inanyofoka

Swali la kwanza: karibu ni kiasi gani? Watu wengi wakisema karibu wanamaanisha milimita moja. Kwa kazi hii milimita moja ni mbali mno, ni sawa na kutokuwa na kivunja. Karatasi ya kawaida ya kuandikia ina unene wa karibu milimita 0.1. Kwenye mbao yenye nyuzi zinazopishana au yenye vifundo, ukingo wa kivunja unatakiwa kukaa kati ya milimita 0.1 na 0.3 kutoka kwenye makali, yaani karatasi moja hadi tatu. Kwa randa ya kuparura mbao ghafi, milimita moja hadi mbili inatosha na hata inasaidia, maana pale unataka kuondoa mbao nyingi kwa nguvu kidogo. Randa ya kunyoosha inakaa katikati.

Hakuna rula ya kupimia 0.2 kwenye benchi, na huihitaji. Tazama mgongo wa kisu chini ya taa moja, uone mstari unaong'aa mbele ya kivunja. Ukionekana kama utepe, uko mbali. Ukionekana kama uzi, unakaribia. Ukibaki mng'ao tu unaokuja na kupotea unapokigeuza kisu, hapo ndipo penyewe.

Kisha sukuma, na usome maranda. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Yakitoka yamejiviringisha kama pete, kivunja hakifanyi kazi yoyote, hata kama ulikipima kwa makini kiasi gani. Yakitoka yamenyooka, yakipanda juu kama utepe unaorushwa, kivunja kimeanza kuyashika. Yakitoka yamekunjamana kama kitambaa kilichofinywa na randa ikawa nzito, umepita kiasi. Rudi nyuma kidogo.

Maranda yamenyooka lakini bado kunanyofoka? Angalia pembe ya ukingo wa mbele wa kivunja, pale utepe unapokigonga. Vingi huja na mteremko mpole, kama digrii 30 au chini, na utepe huteleza juu yake bila kusukumwa chini. Unahitaji digrii 50 hivi, wengine hufika 80. Mimi huishia 50 hadi 60, kwa sababu zaidi ya hapo randa inakuwa nzito kusukuma na faida siioni machoni. Huna haja ya kusaga nundu yote. Simamisha kivunja kwenye kinoo laini kwa pembe hiyo, vuta kuelekea kwako mara kumi au kumi na tano, na utapata ukingo mdogo wa nusu milimita. Utepe wenyewe ni mwembamba, hauhitaji ukuta mrefu wa kuugonga. Rudia upande wa chini mara moja au mbili kuondoa kinyuzi, kisha fanya tena jaribio la mwanga.

Baada ya hapo ndipo ulaumu kina cha kukata. Umbali wa kivunja unaendana na unene wa utepe: ukikata nene wakati kivunja kiko kwenye 0.1, utakwama, ukikata nyembamba sana wakati kiko kwenye 0.3, hutaona tofauti. Na ndiyo, kama hujawahi kugeuza mbao na kuirandia kutoka upande wa pili, fanya hivyo kabla ya yote haya. Kivunja kinasaidia pale nyuzi zinapogombana. Hakibadilishi mbao inayosukumwa kinyume kwa uvivu.

Mdomo wa randa unaziba juu ya kivunja

Hapa maranda hayapenyi chini ya kivunja. Yanajazana mbele yake, kwenye mdomo, kama soksi iliyokunjwa.

Chanzo kikubwa ni ushauri wa zamani wa kufunga mdomo uwe mwembamba iwezekanavyo. Ushauri huo una mantiki yake, lakini ni wa kumlinda mtu ambaye kivunja chake kiko mbali. Kivunja kikiwa karibu, utepe unapanda wima na unahitaji njia. Ukivifanya vyote viwili kwa pamoja, mdomo mwembamba na kivunja karibu, umefunga mlango na dirisha. Rudisha nyuma kile kiti cha chuma ambacho kisu hukilalia, mpaka uso wake uwe sawa na ukingo wa nyuma wa mdomo, na uache hapo.

Kama mdomo uko wazi na bado unaziba, pitisha kidole juu ya mgongo wa kivunja, kuanzia ukingoni hadi kwenye nundu. Mikwaruzo ya mashine ya kiwandani, kutu, na utomvu vinayashika maranda. Sugua kwa msasa laini kuelekea upande maranda yanakopita, yaani kutoka ukingoni kwenda nyuma, si kukatiza. Kisha paka nta ya mshumaa. Ni kazi ya dakika kumi na watu wengi hawaifanyi kamwe.

Kumbuka pia kukagua kisu chako kama kimenolewa na makali yaliyoviringika kidogo kama mwezi mwandamo. Kivunja ni kinyoofu. Ukikisogeza mbele sana, pembeni kitapita makali na kuziba kona. Kisu cha kumalizia kinahitaji mviringo mdogo sana, unaoonekana kwa shida. Kile chenye mviringo mkubwa ni cha kuparura, na hicho kivunja chake kikae nyuma.

Umbali unabadilika unapokaza skrubu

Unapanga vizuri, unakaza, unatazama: kivunja kimesogea mbele na kupita makali. Skrubu inapozunguka hukivuta pamoja nayo, na ncha yenye msukumo huteleza mbele inapolazwa. Hakuna kilichoharibika.

Kaza kwanza nusu, kiasi kwamba kivunja kinasogea kwa kusukumwa tu na si chenyewe. Panga umbali ukiacha kidogo zaidi ya unachotaka. Bana pande zote mbili kwa vidole gumba, kaza robo ya mzunguko, tazama, kaza tena. Baada ya mara chache utajua chako hutembea kiasi gani. Kama kinatembea upande mmoja tu, ncha ya skrubu au tundu lake limechakaa. Safisha nyuzi za skrubu kwa brashi ya waya na tone la mafuta.

Randa inatetemeka na kuacha mawimbi

Mtetemo una wazazi wengi, na kivunja ni mmoja wao tu. Anza na rahisi: kibano cha juu kimelegea? Kinatakiwa kubana kisu kisicheze, huku gurudumu la kina, lile linaloshusha na kupandisha kisu, likiendelea kuzunguka kwa vidole bila kulazimishwa. Skrubu za kiti zimelegea? Kuna vumbi au chembe ya maranda kati ya kisu na kiti? Moja tu inatosha.

Kisha ondoa kisu na ukitazame kwa ubavu kikiwa kimefungwa na kivunja. Visu vyembamba hupinda pale kivunja chenye msukumo mkubwa kinapokazwa kwa nguvu. Katikati kinainuka, kinaacha kugusa kiti, na ncha inabaki ikining'inia. Punguza mkunjo wa kivunja kidogo, au usikaze skrubu kama unafunga gurudumu la gari.

Usikimbilie kununua kisu kinene. Kinasaidia, lakini ukikiweka bila kufikiria unaweza kuangukia tatizo linalofuata.

Gurudumu la kina linazunguka lakini kisu hakisogei vya kutosha

Kwenye randa za chuma za mtindo aliouanzisha Leonard Bailey huko Marekani katika karne ya 19, gurudumu la shaba halisukumi kisu moja kwa moja. Linasukuma wenzo wenye ulimi, na ulimi huo huingia kwenye tundu dogo la kivunja. Kivunja ndicho kinachokibeba kisu. Ndiyo maana umbali kutoka tundu hilo hadi ukingo wa mbele una maana kubwa. Kivunja kilichosagwa mara nyingi kikafupishwa, au kilichotolewa kwenye randa nyingine isiyofanana, kitafanya makali yasifike mdomoni hata gurudumu likiisha.

Kagua kwanza kama ulimi umeingia kwenye tundu. Mara nyingi haukuingia, ni kibano tu kilichoshikilia kisu kwa bahati. Kisha, kama kisu ni kinene kuliko cha awali, tazama kama ulimi unafika hadi kwenye kivunja au unaishia kwenye kisu. Ukigundua kivunja ni kifupi, tafuta kingine cha aina ile ile. Hakuna kunoa kutakakorefusha chuma.

Mahali pa kuweka zana chini

Ufa kwenye mwili wa randa, hasa kandokando ya mdomo au kuzunguka skrubu za kiti, ni mwisho wa kujitengenezea mwenyewe. Chuma cha kusubu hakipendi kuchomelewa na mtu asiyekizoea. Joto lisilolingana hupanua ufa na kupinda kitako. Mpelekee fundi anayejua kuchomelea chuma cha aina hiyo, au uiache randa hiyo.

Skrubu ya kivunja iliyogandishwa na kutu, mwagia mafuta ya kupenyeza na usubiri hadi kesho. Ikikataa tena, usiongeze mkono wa bisibisi kwa bomba. Ikikatikia ndani, fundi mitambo anaweza kuitoboa na kuitoa akiwa na mashine iliyoshika kwa usahihi; wewe na drili ya mkononi mtaharibu tundu na kisu kwa pamoja.

Usipanue mdomo kwa tupa ili kisu kinene kipite kabla ya kurudisha kiti nyuma hadi mwisho na kujaribu. Chuma kilichoondolewa hakirudi. Kama randa ni ya zamani na yenye thamani kwa mwenyewe, muulize mjuzi wa zana hizo kabla ya tupa kugusa chochote.

Kwenye mashine ya kusagia, vaa miwani ya kinga na usivae glavu zinazoweza kunaswa. Ncha ya kisu ikigeuka rangi ya buluu, chuma kimepoteza ugumu pale. Sehemu nyembamba unaweza kuisaga taratibu ukichovya kisu kwenye maji kila mara hadi uipite, lakini buluu iliyoingia ndani sana inahitaji mtu wa kukipasha moto na kukirudishia ugumu upya, au kisu kingine.

Na ukijikata, bana jeraha kwa kitambaa safi na uinue mkono. Damu isipokoma baada ya dakika kumi za kubana bila kuachia, au kidole kikikosa hisia au kikagoma kukunjika, nenda hospitali siku hiyo hiyo, maana huenda ni mshipa au kano iliyokatika.